Fundi Aliyefunga Chumba cha Mtihani Lipeta

Saa moja kasorobo asubuhi mvua imekatika, lakini maji bado yanadondoka kutoka kwenye vigae. Kunigunda Ndunguru anapanda ngazi za mawe za seminari ya zamani, mkono mmoja umeshika tochi, mwingine unapapasa ukuta. Akifika kwenye pembe ya maktaba anapiga magoti, anasogeza uso mpaka karibu kugusa tofali, kisha anamulika kipande cha kioo kisichozidi urefu wa kidole.

Kioo hicho kimebandikwa kwa chokaa kukatiza ufa mwembamba unaoteremka kutoka dirishani. Kando yake pameandikwa kwa penseli ya seremala: namba 17, 16 Machi.

"Kizima," anasema, kisha anaandika kwenye daftari. Vimebaki ishirini na vinane vya kukagua.

Chini uani wanafunzi wameanza kukusanyika, wengine na vikombe vya chai mkononi. Wanamwamkia kutoka kule kule chini, naye anawaitikia bila kugeuka. Hakuna anayekanyaga ngazi mpaka mama fundi ameshuka na kusema jengo liko salama. Ndiyo kanuni ya chuo siku hizi. Mwaka jana, wakati kama huu, kanuni hiyo haikuwepo, na mwanamke huyu alizomewa mbele ya ngazi hizi hizi.

Seminari ya Lipeta ilianza kujengwa mwaka 1931, juu ya kilima, mahali ambapo nyanda za juu za Mbinga zinaanza kuporomoka kuelekea Ziwa Nyasa. Tofali zake zilifyatuliwa kwa udongo wa bondeni na kuchomwa hapo hapo. Kuta zake zina unene wa mkono mzima wa mtu mzima, kuanzia begani hadi ncha za vidole. Mapadri wa vizazi vitatu walisomea humo. Baadaye mafrateri, wanafunzi wa upadri, walihamishiwa kwingine, na jengo likawa moyo wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Gaudensi, chenye wanafunzi zaidi ya elfu moja, wengi wao wakisomea ualimu.

Kunigunda, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, ndiye anayeliangalia. Kwenye karatasi za ofisi ameandikwa "kibarua wa matengenezo, wa kudumu," mshahara wa shilingi laki mbili na sitini kwa mwezi. Yeye na mumewe Nazari, mzaliwa wa Lituhi aliyepanda milimani kwa ajili ya ndoa, wanaongezea kwa kahawa na maharage.

Ufundi aliupata kwa baba yake, marehemu Erasmo, aliyekuwa fundi wa seminari kwa miaka thelathini na minane. Alianza kwa kumpelekea chakula cha mchana. Siku moja akiwa na miaka kumi na mitatu alimkuta baba yake juu ya ngazi, mikono imejaa, akamshikia timazi, uzi wenye uzito wa kupimia unyoofu wa ukuta. Hakurudi nyumbani mpaka jioni.

"Gombera, mkuu wa seminari wa wakati ule, hakupenda," anakumbuka. "Alisema msichana hana kazi kwenye paa la mafrateri. Baba akamwambia, basi Padri, upande wewe. Hakusema tena."

Vile vioo ni maarifa ya baba yake pia, naye aliyapata kwa mabruda. Tofali huvumilia, lipu hudanganya, lakini kioo hakivutiki. Ukuta ukisogea hata unene wa ukucha, kioo kinapasuka, na fundi anajua.

Januari mwaka jana chuo kilianza kuchimba msingi wa ukumbi mpya wa mihadhara, hatua kama arobaini mlimani, juu ya upande wa mashariki wa jengo la zamani. Ghorofani upande huo palikuwa na bweni la zamani la mafrateri, lililogeuzwa chumba cha mitihani chenye viti 148.

Siku ya tatu ya uchimbaji Kunigunda alipita karibu na lundo la udongo, akaona mawe bapa yenye urefu unaokaribiana. Aliinua moja. Upande mmoja lilikuwa safi, upande wa pili lina weusi wa maji ya siku nyingi.

"Jiwe la kawaida halina upande," anasema. "Haya yalikuwa yamepangwa na mtu."

Alimwuliza msimamizi wa mkandarasi, akajibiwa kwamba hicho ni kifusi cha Wajerumani, asiwacheleweshe. Ndipo akakumbuka kwamba baba yake aliwahi kutaja mtaro wa mabruda, uliopita chini kwa chini kutoa maji ya chemchemi ya mlimani. Lakini Erasmo naye alikuwa amehadithiwa tu. Michoro ililiwa na mchwa stoo, miaka mingi kabla Kunigunda hajaajiriwa.

Tarehe tisa Februari kioo namba 3 kilipasuka. Wiki ilipoisha vilikuwa vimepasuka vinne, vyote upande wa mashariki. Kunigunda alinawa mikono, akaenda ofisini kwa Padri Salvatory Kinunda, makamu mkuu wa chuo anayeshughulikia utawala.

"Padri, upande wa mashariki unatembea," alimwambia.

"Unatembea kwenda wapi, Mama Violet?" aliuliza Padri, akimwita kwa jina la bintiye.

"Unashuka."

Padri Salvatory anayakumbuka maneno hayo na hafichi alivyoyapokea. "Sikumdharau," anasema. "Ila kichwa changu hakikuwepo pale. Mitihani ilikuwa wiki inayofuata, wakaguzi wa ithibati walikuwa njiani, na mvua ilikuwa imekata barabara ya Mbinga mara mbili. Nikafanya kile nilichodhani kinatosha. Nikamwita mhandisi."

Mhandisi Adrian Mapunda, kijana wa miaka thelathini na mitatu anayefanya kazi ya ushauri, alifika Alhamisi. Alitembea ndani ya jengo kwa muda wa saa moja, akapiga picha, akagonga lipu kwa nyundo ndogo. Aliandika nusu ukurasa: nyufa ni za lipu, jengo ni kongwe, linaweza kuendelea kutumika huku likiangaliwa.

Kunigunda alimfuata mpaka kwenye gari.

"Samahani, mhandisi. Umechungulia lile shimo la juu?"

"Shimo si sehemu ya kazi niliyoitiwa, mama."

Jumatatu ilikuwa siku ya kwanza ya mitihani. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo tangu Jumamosi. Saa moja asubuhi Kunigunda alipanda juu na kukuta kwamba kati ya vioo saba vipya alivyobandika Ijumaa, sita vimepasuka. Dirisha la ngazini, lililokuwa likifunguka kwa kidole, halikufunguka hata kwa bega. Aliteremsha timazi kutoka juu ya ukuta. Ukuta ulikuwa umetoka nje kwa upana wa kidole gumba.

Kisha akasikia kitu ambacho, anasema, hakuwahi kukisikia kwa miaka yote ya kazi. "Mchanga ulikuwa unateremka ndani ya ukuta. Taratibu, kama mtu anamimina mchele kwenye ungo. Baba aliniambia, ukisikia hivyo usikae kufikiri."

Alishuka, akafunga mlango wa ngazi kwa ufunguo, akauweka mfukoni mwa ovaroli, akaketi kwenye kidato cha chini.

Saa mbili na nusu wanafunzi 148 wa mwaka wa tatu walikuwa uani, wamebeba kalamu na vitambulisho. Mtihani ulikuwa saa tatu. Clemence Hyera alikuwa mmoja wao.

"Tulianza kwa kumwomba," anasema Clemence, ambaye sasa anafundisha sekondari. "Tulimwambia mama, tafadhali, muda unakwenda. Ilipofika saa tatu kamili na bado hajafungua, tukaanza kumzomea. Mimi nilikuwa mbele. Nilimwambia kwamba mfagizi wa vigae hawezi kunifelisha. Sentensi hiyo naijua kwa moyo, kwa sababu nimeirudia peke yangu mara nyingi."

Kunigunda hakuinuka kwenye kidato. Padri Salvatory alifika, wanafunzi wakampisha.

"Mama Violet, nipe ufunguo."

"Hapana, Padri."

"Hawa ni watoto wa watu. Wamesoma miezi minne kwa ajili ya leo."

"Ni watoto wa watu, ndiyo maana sifungui."

"Mhandisi ameandika kwamba jengo linafaa."

"Mhandisi ameandika Alhamisi, Padri. Leo Jumatatu."

Padri alimgeukia mlinzi, akamwagiza auchukue ule ufunguo. Mlinzi alitazama viatu vyake, hakusogea.

Mwishowe mtihani ulihamishiwa bwaloni, katikati ya meza zinazonuka maharage, ukaanza saa nne. Alasiri Kunigunda aliitwa na kukabidhiwa barua ya kusimamishwa kazi kwa wiki mbili, mpaka kamati ya nidhamu ikae. Alitoa funguo zote mfukoni, akazipanga mezani.

"Hizi hapa. Chumba kile msikifungue."

Akiwa njiani kutoka alipita kwenye ubao wa matangazo. Karatasi mpya ilikuwa bado inanuka wino. Mtihani wa Jumanne, saa tatu na nusu, chumba cha juu mashariki. Bwalo lingetumika kuwaandalia wageni wa ithibati chakula.

Aliisoma mara mbili. Anasema alitaka kurudi ndani, lakini aliendelea kwenda nyumbani. Alikuwa amekwisha kusema yote aliyonayo, na hakuwa tena na ufunguo.

Jumanne hakuweza kukaa nyumbani. Alikwenda na Nazari kupalilia maharage shambani, kwenye mashimo ya ngolo yanayozuia mvua isibebe udongo, yaliyo kwenye mgongo wa kilima cha pili, ng'ambo ya bonde. Kutoka pale paa la seminari linaonekana lote. Nazari anasema mkewe alipalilia mstari mmoja kwa saa nzima.

Saa nne kasoro dakika kumi walisikia mlio.

"Kama lori linamwaga mawe," anasema Kunigunda. "Ila lori humaliza. Huu haukuisha haraka."

Vumbi jekundu lilipanda juu ya miti ya kilimani, na lilipotawanyika, pembe ya mashariki ya paa haikuwepo. Kwa saa yake, mtihani ulikuwa umeanza dakika ishirini zilizopita.

Kunigunda alitupa jembe akakimbia. Ni mteremko mkali, kisha kijito, kisha mpando wa karibu kilomita mbili. Kiatu kimoja kilibaki kwenye matope ya kijito.

"Nilikuwa nahesabu viti," anasema. "Viti vimepangwa safu kumi na mbili. Nilikuwa najua safu zipi ziko juu ya ule ukuta. Nahesabu, nakosea, naanza tena. Nilikuwa nasema, Mungu, nilikuwa nao ufunguo, kwa nini niliutoa."

Alipoingia uani hakuona wanafunzi. Aliona kifusi kimefika mpaka kwenye kisima, boriti zimesimama wima ndani yake, na Padri Salvatory ameketi chini kwenye nyasi, kanzu yake nyeupe imekuwa rangi ya tofali.

"Wako wapi?" Kunigunda alimwuliza. "Padri, watoto wako wapi?"

Padri alimwelekeza kwa kidole.

"Bwaloni," alisema. "Wote. Wako bwaloni, Mama Violet."

Kunigunda aliketi karibu naye. Nazari alipofika, akihema, aliwakuta wawili hao wamekaa hivyo.

Kilichotokea asubuhi ile Padri Salvatory anakieleza mwenyewe. Saa moja na nusu alikwenda kufungua mlango wa ngazi. Ufunguo ulizunguka vizuri, lakini mlango haukusogea. Aliusukuma kwa bega, vumbi likamwangukia kwenye mkono wa kanzu. Alipoinua macho aliona jiwe la juu ya mlango limepasuka katikati, mwanya wake unaingia kidole.

"Nilisimama pale kama dakika tano," anasema. "Nitasema ukweli, sikuwa nafikiria wanafunzi. Nilikuwa nafikiria aibu. Jana yake nimemsimamisha kazi yule mama, leo niwaambie nini watu? Halafu nikaona dakika tano zimepita na mimi bado nafikiria jina langu. Nikaenda kuwaambia wasimamizi wawapeleke wote bwaloni, na wageni wangekula chini ya mti ikibidi."

Kwa nini hakumtuma mtu kumjulisha Kunigunda?

"Niliona haya," anajibu. "Na kwa sababu ya haya yangu, mama wa watu alikimbia kilomita mbili akiamini watu wamekufa. Hilo nimeliungama."

Hakuna aliyejeruhiwa. Hata hivyo shida ya Lipeta ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Sehemu iliyobaki ya seminari, yaani kikanisa, mnara, maktaba na upande wa kaskazini, ilifungwa. Wiki hiyo hiyo kikao cha chuo kilipokea pendekezo kwamba jengo lote libomolewe kwa tingatinga kabla ya Pasaka. Mhandisi Adrian aliitwa tena. Safari hii alianzia kwenye shimo.

Alisema mbele ya kikao kwamba alikosea, na kwamba maji yamejaa chini ya msingi wote. Mpaka ijulikane yanatoka wapi na yaelekezwe wapi, hawezi kumruhusu mtu yeyote kuingia ndani. Kunigunda, ambaye barua yake ilikuwa bado haijafutwa, aliruhusiwa kusema maneno machache.

"Palikuwa na mtaro," alisema. "Mkandarasi aliukata juu. Chini umeziba. Tukipata unapotokea, tukauzibua, maji yatashuka na jengo litakaa."

"Unatokea wapi?" aliulizwa.

"Sijui."

Mkuu wa chuo alimpa siku kumi na nne.

Siku nne za kwanza zilipotea kwa kuchimba mahali pasipo na kitu. Siku ya tano, katika daftari la zamani la parokia, Padri Salvatory alikuta mstari mmoja wa mwaka 1947: wasichana kumi na tisa wa mafundisho ya dini walibeba mawe ya mtaro wa seminari katika likizo. Yalifuata majina yao. Walipouliza kijiji hadi kijiji, jina moja tu lilikuwa la mtu aliye hai. Tadea, sasa mwenye umri wa miaka tisini na moja, aliolewa Ngumbo, ziwani.

Kunigunda na Adrian waliteremka huko kwa pikapu ya parokia. Walimkuta bibi ameketi barazani, anachambua usipa mkavu kwenye ungo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmetoka milimani. Viatu vyenu vyekundu."

Walimweleza. Aliendelea kuchambua samaki, nao wakadhani hakusikia.

"Jengo lilikaa kitako upande mmoja," alisema hatimaye. "Hata wakati ule. Bruda Wendelini siku mbili hakula. Wavulana walichimba, sisi tukabeba mawe. Likizo nzima. Tulipewa chumvi."

"Mtaro unatokea wapi, bibi?" Adrian aliuliza, kalamu mkononi.

"Siwezi kukueleza, mwanangu. Nipelekeni."

Alisafiri siku ya saba, amefungwa blanketi kiti cha mbele, na kwa sharti moja kwamba arudishwe kabla ya misa ya Jumapili. Kutoka uani wanafunzi wanne walimbeba kwenye kiti cha plastiki. Aliwapitisha nyuma ya jiko la zamani, akawasimamisha, akawarudisha nyuma, akasema miti hii haikuwepo, akawateremsha tena. Chini kabisa, ndani ya msitu wa mikalitusi, alinyoosha fimbo kwenye mwamba uliofunikwa na majani.

"Hapa tulikuwa tunanawa miguu," alisema.

Walichimba kuanzia hapo. Siku ya nane hapakupatikana kitu. Siku ya tisa mvua ilirudi, na kioo cha kwanza cha maktaba kikapasuka. Adrian aliamuru watu wote watoke kwenye eneo la jengo, akamwambia Kunigunda kwamba kikipasuka kingine atapendekeza ubomoaji mwenyewe. Siku ya kumi kikapasuka kingine, mnarani.

"Nilikuwa nimeshaandika ile barua," Adrian anakiri. "Ilikuwa kwenye simu yangu. Nilimwonyesha. Akaisoma yote, akasema imeandikwa vizuri, naomba unipe kesho."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Saa tisa alasiri jembe la Clemence, aliyekuwa amekuja kuchimba kila siku tangu mitihani ilipoisha, liligonga jiwe bapa. Chini ya jiwe palikuwa na tundu la upana wa mabega ya mtu, limejaa mizizi ya mikalitusi iliyosukana kama nywele. Mwili mdogo kuliko yote pale ulikuwa wa Kunigunda. Walimfunga kamba kiunoni, Nazari akashika ncha ya kamba, na mkewe akaingia na panga.

Alikata kwa dakika arobaini. Waliokuwa nje walikuwa wakisikia panga tu, kisha hawakulisikia. Nazari alivuta kamba. Haikuja. Alivuta kwa nguvu, wengine wakashika, na Kunigunda akatoka kwa miguu kwanza, pamoja na maji.

Maji yalitoka mekundu, yakawa meusi, yakatoka na vipande vya mizizi, yakaendelea mpaka Jumapili mchana. Bibi Tadea hakuyaona. Alikuwa amesharudishwa Ngumbo kama alivyoahidiwa.

Vioo vipya vilibandikwa Jumatatu. Mpaka makala haya yanaandikwa, mwaka mmoja na mvua mbili baadaye, hakijapasuka hata kimoja. Mtaro umeunganishwa upya juu, na ukumbi wa mihadhara umehamishiwa upande mwingine wa kilima.

"Mimi nilitazama ukuta," anasema Adrian, ambaye sasa huja Lipeta kila mwezi bila kuitwa. "Yeye alitazama maji. Chuoni walinifundisha vyote viwili, lakini siku ile nilikuwa na haraka."

Barua ya Kunigunda ilifutwa. Padri Salvatory mwenyewe alimpelekea taarifa hiyo nyumbani, kwa miguu, na kusimama mlangoni mpaka Nazari alipomletea kiti. Chuo kilitaka kumfanyia hafla na kumpa cheti cha heshima. Alikataa hafla. Aliomba jambo moja liandikwe katika kanuni: fundi akifunga mlango, haufunguliwi mpaka fundi na mhandisi wameingia wote wawili na kutoka.

"Kuandika tu," anasema. "Siku moja mimi sitakuwepo, na fundi atakayekuwepo labda atakuwa mwoga. Akiwa na karatasi, uoga utapungua."

Kifusi cha mashariki bado kipo, lakini kimepangwa. Tofali nzima zilizosafishwa zimefika elfu ishirini na tatu. Mvua zikiisha, mwezi Juni, tanuri litawashwa bondeni kuchoma elfu kumi na saba zilizobaki, kwa udongo ule ule. Kunigunda anataka chumba cha chini kiwe darasa la ufundi wa majengo ya kale, ili vijana wa Mbinga na wa ziwani wasilazimike kujifunza kwa kupeleka chakula cha mchana kama yeye. Chuo kimekubali, na kimemtaja yeye kuwa msimamizi wa ujenzi.

Kuna kikwazo kimoja. Msimamizi lazima awe na cheti, naye aliishia darasa la saba. Mwezi Mei atakwenda Songea kufanya mtihani wa ufundi uashi, wa vitendo na wa kuandika. Vitendo havimsumbui. Mtihani wa kuandika ndio anaoufikiria.

"Naogopa," anasema bila kuzunguka. "Sijaogopa hivi hata ndani ya mtaro. Mle nilikuwa na kamba."

Kila Jumamosi alasiri bintiye Violet, mwalimu wa shule ya msingi mjini Mbinga, hupanda Lipeta kumfundisha. Wanakaa kwenye meza ya jikoni, katikati ya sufuria na magunia ya kahawa. Kunigunda huvaa miwani ya Nazari, kwa kuwa yeye hana, na huandika polepole, herufi moja moja, kama mtu anayepanga tofali.

Jumamosi hii Violet anafungua karatasi ya mtihani wa miaka iliyopita. Anasoma swali la kwanza kwa sauti ya darasani.

"Taja sababu tatu zinazofanya ukuta upasuke."

Kunigunda anaitazama karatasi, anamtazama binti yake, kisha anavua miwani.

"Tatu tu?" anauliza.